Maswali kwa Fundi: Spika ya babu inakwaruza, niitupe?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za spika za redio za zamani kuliko kitu kingine chochote, nadhani mvua zimewakalisha watu ndani wakaanza kufungua makabati ya wazee. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu tatizo lake nakutana nalo mara kwa mara na karibu kila mara mwenye redio anakuwa ameshapewa jibu lilelile, imeungua, weka nyingine.

*Shikamoo fundi. Babu yetu alikuwa mwalimu, alituachia redio yake ya Philips ile ya mbao ya valvu, ndo alikuwa anasikilizia taarifa ya habari ya Radio Tanzania sisi tukiwa wadogo tumekaa chini kwenye mkeka. Mwaka huu nimeipeleka kwa fundi akabadilisha kapasita, inashika stesheni vizuri tu lakini sauti inakwaruza, mtu mwenye sauti nzito akiongea ni kama ana mchanga mdomoni. Ukipunguza inakuwa afadhali. Fundi anasema spika imeungua anataka kuweka ya gari. Nimechungulia nyuma nimeona pia karatasi imechanika karibu na ukingo, urefu kama wa kidole. Mama anasema sauti ya redio ile ndo ileile aliyoizoea, hataki nyingine. Nifanyeje? Mjukuu wa Mwalimu, Muheza*

Marahaba mjukuu. Mwambie mama asiwe na wasiwasi, na usimruhusu mtu aitoe hiyo spika kabla hujamaliza kusoma hapa.

Hilo neno kuungua linatumika ovyo sana. Spika ikiungua kweli mara nyingi waya wa koili unakatika na hapo husikii kitu kabisa, ni kimya. Kuna ile ya kupata joto mpaka koili ikavimba ikaanza kusugua, ipo, lakini hebu fikiria redio yako ina nguvu gani, redio ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani, yenye valvu moja ya mwisho ya kusukuma spika kama EL84 inatoa wati kama 4 hivi, sasa wati 4 ziunguze koili ya spika kubwa namna ile, ni kazi. Kwa hiyo spika inayoongea huku inakwaruza mimi huwa naihesabu ni mzima aliyebanwa mahali, tunatafuta amebanwa wapi.

Ndani ya spika kuna koni ya karatasi, katikati yake nyuma imegundishwa koili, waya mwembamba umezungushwa kwenye kibomba cha karatasi, na hiyo koili inaelea ndani ya ufa mwembamba wa sumaku bila kugusa popote. Mpango huu ni wa Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, mwaka 1925, na hata spika ya redio utakayonunua leo dukani inafanya kazi hivyohivyo. Huo ufa una nafasi ndogo mno, kila upande wa koili unabakiwa na sehemu mbili tatu za kumi za milimita. Koili ikihama nywele moja tu inagusa chuma, na hiyo ndo sauti ya mchanga.

Chomoa redio kwenye umeme, kaa nayo kama robo saa kapasita, vile vikopo vinavyohifadhi umeme, zimalize chaji, na bado kabla hujaingiza mkono pima na mita kwenye kapasita kubwa maana humo ndani kunatembea volti 250 na zaidi. Halafu kabla ya kufungua chochote jaribu kitu kimoja ambacho mafundi wengi wanakiruka, legeza kidogo skrubu zote nne zinazoshika spika kwenye ubao wa mbele. Legeza tu, usitoe. Mbao ikikaa miaka 60 inapinda, na mtu akija akakaza skrubu moja kuliko zingine fremu ya spika nayo inajikunja, koili inahama. Mwaka juzi niliwahi kuletewa redio ya mbao toka Korogwe imeshazunguka kwa mafundi watatu, spika mpya ilikuwa imeshanunuliwa iko kwenye mfuko, nikalegeza skrubu ya chini kushoto mzunguko mmoja na nusu, nikawasha, mtangazaji akaongea safi kabisa. Mwenye redio, mzee wa watu, alikaa kimya akaangalia redio kwa muda mrefu halafu akaniomba nizime niwashe tena.

Kama hiyo haikusaidia, toa spika. Andika kwanza waya upi ulikuwa wapi. Na chonde chonde, usije ukawasha redio ya valvu wakati spika imechomolewa, hata kujaribu tu dakika moja, transfoma ya spika ikikosa mzigo volti zinapanda mno upande wa valvu na inaweza kupiga shoti ndani, hapo utakuwa umeua kitu kigumu kukipata kuliko spika yenyewe.

Iweke juu ya kitambaa safi, koni ikiangalia juu. Weka vidole gumba viwili na vya pili viwili kuzunguka kile kikofia cha katikati, karibu nacho, bonyeza taratibu sana kwa usawa, milimita mbili tatu, huku umeinamisha sikio. Spika nzima haisemi kitu, inashuka na kupanda kama inapumua. Inayosugua utaisikia na hata kwenye vidole utaihisi, krrr. Sasa bonyeza ukielemea upande mmoja, halafu upande wa pili, zunguka hivyo. Kama kuna upande ukielemea inanyamaza basi koili imehama. Kama inakwaruza kila upande na ni kama chembechembe, basi kuna uchafu au kutu ndani ya ufa. Muheza hampo ufukweni kabisa lakini hewa ya chumvi inawafikia, na huku kwetu Tanga mjini nusu ya spika ninazofungua zina kutu.

Tuseme imehama. Spika ikikaa imesimama vilevile miaka yote uzito wa koni unavuta koili chini kidogokidogo, kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuigeuza tu, iliyokuwa juu iwe chini, uirudishe kwenye redio hivyo uisikilize siku mbili tatu. Watu hawaamini lakini inasaidia. Ikigoma, angalia spaida, kile kitambaa au kadibodi yenye mikunjo nyuma ya koni. Kwenye spika za zamani sana kinashikwa na skrubu, na hizo zilitengenezwa makusudi ili fundi aweze kurekebisha. Toa kikofia cha vumbi, lowanisha gundi yake pembeni na asetoni ile ya kutolea rangi ya kucha, tone kwa tone kwa brashi ndogo, subiri, nyanyua na wembe bila kulazimisha. Utaona kichwa cha chuma katikati na kuzunguka chuma ule ufa. Kata vipande vinne vyembamba vya karatasi ya kuandikia, karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa milimita 0.1, vichomeke kati ya chuma na kibomba cha koili, kaskazini kusini mashariki magharibi. Vikiingia vimelegea ongeza unene, filamu ya eksirei ni nzuri sana kwa hii kazi maana ni kama milimita 0.18 na haikunjiki, na nyumba gani haina eksirei ya zamani chini ya godoro. Legeza skrubu ya spaida, mwenyewe utaona koni inajiweka sawa, kaza, toa vipande, bonyeza tena na vidole usikilize. Kama spaida imegundishwa hakuna skrubu, kazi ni ileile ila inabidi ulainishe gundi ya ukingo wa spaida na thina, weka vipande, gundisha upya, na uache mpaka kesho kabla ya kuvitoa.

Kama ni uchafu, usipulize. Kinachokwaruza mara nyingi ni vumbi la chuma na sumaku imeling'ang'ania, ukipuliza linahama tu mahali. Chukua masking tepu, ikunje juu ya kipande cha eksirei gundi ikiwa nje, ingiza kwenye ufa, zungusha, toa. Itatoka na manyoya meusi. Rudia mpaka itoke safi. Na usifanyie kazi hii kwenye meza uliyokatia vyuma, tandika gazeti jipya. Jambo lingine ambalo nimeona spika nzuri zikifa nalo, usifungue sumaku ya nyuma kwa tamaa ya kusafisha vizuri, spika nyingi za miaka ile zina sumaku ya alniko na hiyo ukiitenganisha na vyuma vyake inapungua nguvu palepale, ukirudisha sauti imekuwa ndogo na hakuna njia ya kuirudisha mtaani.

Karatasi iliyochanika ndo rahisi. Chukua kimfuko cha majani ya chai, mwaga chai, kausha, chana kwa mkono kipande kinachozidi mchaniko kidogo kila upande, usikate na mkasi maana kingo zilizochanwa zinashika vizuri na hazionekani. Gundi nyeupe ya mbao changanya na maji nusu kwa nusu, paka nyuma ya koni, lalisha karatasi, kutanisha midomo ya mchaniko, acha usiku mzima. Supaglu hapana. Nilipokuwa naanza kazi niliziba koni ya redio ya jirani kwa supaglu, ikakauka ikawa ngumu kama ukucha, na kuanzia siku hiyo redio ile ikawa na sauti ya bati kila neno lenye herufi s, mpaka leo nikipita pale naisikia. Silikoni yenye harufu ya siki nayo hapana, asidi yake inakula shaba.

Hiyo spika ya gari sasa. Koni yake nzito, ukingo wake mpira mgumu, imetengenezwa isukumwe na wati nyingi za amplifaya ya gari. Ya babu ni karatasi nyepesi yenye mikunjo ya karatasi hiyohiyo, wati moja tu inajaza sebule. Ukiweka ya gari itaongea, ila itaongea kwa mbali, kama mtu yuko chumba cha pili, na mama atajua kabla hujafunga mfuniko wa nyuma.

*Salaam aleikum fundi. Marehemu baba alinunua redio kwa Mzungu aliyekuwa anahama Nyali, ni ya kabla ya vita vya pili. Spika yake ina waya nne badala ya mbili na nyuma ina kitu kizito kama bobini kubwa. Ilikuwa ikivuma, fundi mmoja akasema sumaku imekufa kwa maana haivuti hata sindano, akaweka spika ya kisasa akazifunga zile waya mbili zingine na tepu. Sasa valvu zinawaka lakini kimya. Spika ya zamani ninayo, nimepima ile bobini mita yasoma om 1,480. Msomaji, Mombasa*

Waaleikum salaam ndugu yangu, na Mungu amrehemu mzee. Spika yako haijafa. Miaka ya 1930 sumaku za kudumu zenye nguvu zilikuwa ghali, kwa hiyo watengenezaji walitumia sumaku ya umeme, ile bobini ndo sumaku yenyewe, redio ikizimwa haivuti kitu na ndivyo inavyotakiwa iwe. Sasa ujanja wao ulikuwa kwamba umeme wote wa volti kubwa unaokwenda kwenye valvu unapitia kwanza kwenye bobini hiyo, inafanya kazi mbili, inatengeneza sumaku na inauchuja umeme usivume. Fundi alipozifunga zile waya na tepu alikata njia ya umeme. Kamba imekatwa kisimani, ndoo itakujaje.

Om ni kipimo cha jinsi waya unavyozuia umeme, na 1,480 ni nzuri kabisa, bobini nyingi za aina hiyo ziko kati ya 1,000 na 2,000. Irudishe spika ya zamani waya zote nne kama zilivyokuwa. Na tafadhali, redio hiyo kwa hali iliyo nayo sasa usiiguse ndani hata ikiwa imezimwa bila kupima, kwa sababu njia imekatika kapasita ya kwanza haina pa kumwagia chaji yake na inaweza kukaa na volti 300 na zaidi muda mrefu.

Ule mvumo wa mwanzo uliokupeleka kwa fundi karibu hakika ni kapasita za kuchuja zimekauka, badilisha hizo. Ukishabadilisha na bado inavuma, angalia spika kama ina koili ya pili ndogo ya mizunguko michache iliyofungwa pamoja na koili ya sauti, hiyo kazi yake ni kuua mvumo, na waya zake zikigeuzwa inafanya kinyume, inauongeza. Geuza, sikiliza.

Siku bobini ikikatika kweli, mita ikiwa haisomi kitu, ndo unaweza kuweka spika ya sumaku ya kudumu, lakini mahali pa bobini lazima uweke rezista ya om zilezile. Na iwe nene. Redio ikivuta miliampea 60 kupitia om 1,500 hapo kuna wati zaidi ya 5 za joto, weka ya wati 10 au zaidi na isiguse mbao.

*Kaka habari za kazi. Nina Philips ya valvu ya mwishoni mwa miaka ya 50, sauti yake ilikuwa nzuri kuliko redio zote mtaani. Imeanza kukatakata, fundi kapima spika kasema inasoma om 680 wakati spika zote ni 4 au 8 kwa hiyo koili imeshaoza, tuweke ya om 8. Kingine cha ajabu anasema transfoma ya spika imeibiwa, haipo. Msomaji, Kigoma*

Salama kaka. Hakuna aliyeiba kitu. Angalia valvu za mwisho, ukikuta mbili zimeandikwa EL86 au UL84 basi una zile Philips zilizotengenezwa bila transfoma ya spika kabisa, na ili valvu ziweze kusukuma spika moja kwa moja spika yenyewe ikatengenezwa na waya mwembamba mno, om 800. Mita inapima waya tu bila mawimbi na kawaida inasoma pungufu kidogo, spika ya om 8 inasoma 6 au 7, ya 800 kusoma 680 ni afya tele. Sehemu ya ule uzuri wa sauti unaousema inatoka hapohapo, hakuna transfoma njiani ya kuubana.

Ukiweka ya om 8 moja kwa moja utasikia kama mbu na valvu zinaumia. Usikubali.

Kukatakata kwake ni zile nyuzi mbili laini zinazoning'inia toka kwenye tamino, pale waya za redio zinapofungwa kwenye spika, kwenda kwenye koni, zinachoka ndani ya kitambaa, kwa macho zinaonekana nzima. Washa redio kwa sauti ndogo, zisukume taratibu na kijiti cha mbao kikavu, mbao, sio bisibisi wala kidole, ukisikia inakata na kurudi umeipata. Ya kubadilishia usitumie waya wa kawaida, utakatika baada ya mwezi au utaichana koni, chukua waya wa shaba uliosukwa mwembamba, ule wa kunyonyea risasi, na lehemu haraka pale kwenye koni usije ukaunguza karatasi. Uwe mwangalifu kuliko kawaida maana waya wa koili hiyo ni mwembamba kuliko unywele, ukikatika pale kwenye maungio hakuna wa kukuzungushia mwingine Kigoma wala hapa.

*Fundi shikamoo. Niko Hamburg, nimenunua sokoni spika ya tarumbeta ya miaka ya 20, nyeusi, shingo kama bata. Chini ina kinobu kidogo kinachozunguka. Nimeiunganisha na amplifaya yangu, inatoa sauti kama ya nzi na nikizungusha kinobu inafanya tak inanyamaza. Nimeiharibu? Dada wa Pemba*

Marahaba dada, hujaiharibu. Hiyo haina koni wala koili inayotembea, ni kama sikio la simu kubwa, ndani kuna sumaku yenye koili na mbele yake kibati chembamba cha chuma, hicho ndo kinachotetemeka. Kinobu kinasogeza sumaku karibu au mbali na kibati. Ile tak ni kibati kimenaswa, kimegandana na sumaku, rudisha kinobu nyuma kitaachia.

Koili yake ni ya om 2,000 au 4,000, ilitakiwa kufungwa kwenye valvu moja kwa moja, amplifaya yako inajua om 4 na 8 tu kwa hiyo hawaelewani. Tafuta transfoma ndogo ya spika za redio za valvu, huko Hamburg sokoni hazikosi, ifunge kinyume, upande wa spika uingie kwenye amplifaya na upande wa valvu uende kwenye tarumbeta, na sauti uiweke chini kabisa unapowasha. Weka kipindi cha mtu anayeongea, sio muziki, maana tarumbeta haina besi na muziki utakudanganya. Zungusha kinobu polepole kuisogeza sumaku, sauti itapanda, itapanda, halafu itaanza kutetema kwenye maneno mazito. Hapo rudi nyuma robo ya mzunguko. Kesho yake isikilize tena, kibati kikipoa kinahama kidogo na chumba chako huko cha baridi kikiwashwa hita kitakulazimisha uguse kinobu mara mbili tatu kwa wiki. Na hao waliokuwa nazo zamani ndivyo walivyoishi nazo, kinobu kiliwekwa nje kwa sababu hiyo.